Baba Mkali, au Baba Mgonjwa?

Mara nyingi tunapozungumzia afya ya familia tunamtazama mama na mtoto. Mwezi huu tumtazame baba.

Mama akijifungua, majirani humletea uji na kumpa pole. Baba huulizwa pesa ya bili tu. Tangu utotoni ameambiwa, “Mwanaume halii.” Basi humeza uchungu, lakini uchungu uliomezwa hutokea kwa njia nyingine.

SONONA NI NINI?

Sonona ni ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa unaodumu wiki mbili au zaidi, hata mtu akashindwa kazi zake za kila siku. Si uvivu, si kurogwa, wala si upungufu wa imani. Huweza kuanzishwa na madeni, kufiwa, kukosa kazi, mavuno mabaya au ugonjwa wa muda mrefu. Hata kuzaliwa kwa mtoto huweza kuuanzisha. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walilinganisha tafiti 43 za nchi mbalimbali. Waliona kuwa karibu baba 1 kati ya 10 hupata sonona tangu mimba ya mkewe hadi mtoto atimize mwaka, hasa mtoto akiwa wa miezi 3 hadi 6.

DALILI ZAKE KWA BABA

1. Hasira za ghafla kwa mambo madogo.
2. Kunywa pombe kuliko zamani, au kuchelewa kurudi ili awakwepe watu wa nyumbani.
3. Kukosa usingizi, au kuamka usiku wa manane asilale tena.
4. Maumivu ya kichwa, mgongo au tumbo yasiyoisha, ingawa vipimo havionyeshi kitu.
5. Kuacha mambo aliyoyapenda na kujitenga na wenzake.
6. Maneno kama, “Bora nisingekuwepo.”

Hospitalini wengi huja na dalili ya nne. Husema, “Sista, nipime malaria.” Hawasemi kwamba hawajalala mwezi mzima kwa sababu ya deni. Nyumbani nako huonekana wamebadilika tabia tu, kumbe wanaumwa. Hata hivyo, ugonjwa hauhalalishi kumpiga mke au watoto. Palipo na kipigo, usalama wao utangulie.

TUFANYE NINI?

Mama, chagua wakati ametulia, hajanywa, na watoto hawapo. Sema kwa upole, “Baba Neema, naona siku hizi hulali. Kuna nini?” Kisha sikiliza. Usimwambie ajikaze, wala usimlinganishe na jirani.

Wanaume wenzake, msimpeleke kilabuni kumliwaza. Pombe huzidisha huzuni. Msindikizeni hospitali, maana mwanaume akiwa na mwenzake huenda kwa urahisi zaidi.

Baba, usifiche deni wala hofu yako. Mweleze mkeo au mtu mmoja unayemwamini. Kula, lala kwa wakati, na usijitenge na Jumuiya yako. Sala na ushauri wa padre hutia nguvu, lakini visikuzuie kutafuta matibabu.

Hospitalini mgonjwa husikilizwa kwa faragha na kupewa ushauri, na wengine hupewa vidonge. Vidonge vya sonona huchukua wiki 2 hadi 4 au zaidi kabla ya kuleta nafuu. Kwa hiyo asiviache kwa kuona havisaidii, wala asiviache ghafla akipata nafuu. Amwulize daktari kwanza.

HATARI ISIYONGOJA KESHO

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, kiwango cha wanaume wanaojiua ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Baba akisema maneno ya kufa, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumpi wazo hilo, bali humpa nafasi ya kutua mzigo. Usimwache peke yake. Ondoa dawa za kunyunyizia mimea nyumbani, zifungiwe kwa mtu mwingine. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Jioni ya leo, mwulize baba wa nyumba yako, “Umeshindaje?” Akijibu “salama” kwa mkato, keti naye kidogo, usiondoke upesi.