Njia ya Kukifikia Kiti cha Jaji

Ndugu wanafunzi, wengi wetu hapa Kampala tukiulizwa kazi tuitakayo hutaja udaktari au uhandisi. Mimi nina umri wa miaka 19, na tamaa yangu ni ujaji wa Mahakama Kuu. Basi nimeichunguza njia yake, nami napenda kuwaonyesha hatua zake.

Kwanza, sharti mtu amalize kidato cha sita na kufaulu vizuri. Pili, asome shahada ya sheria, ambayo pale Makerere huchukua miaka 4. Tatu, aingie Kituo cha Maendeleo ya Sheria, kilichoanzishwa hapa Kampala mwaka 1970, ajifunze kazi yenyewe ya mahakamani kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Nne, afanye kazi. Mmoja huwa wakili. Mwingine huwa hakimu wa daraja la kwanza, kisha hakimu mkuu. Katiba ya mwaka 1995 yataka miaka isiyopungua 10 katika uwakili, na utumishi wa serikali katika kazi ya sheria huhesabiwa pia. Mwisho, Rais humteua kwa shauri la Tume ya Utumishi wa Mahakama, na Bunge sharti likubali.

Hebu tuhesabu. Nikianza chuo nikiwa na miaka 20, sitakifikia kiti hicho kabla ya miaka 35. Lakini mwenda pole hajikwai.

Mbona miaka mingi hivyo? Kwa sababu jaji huyu ndiye amwonaye shahidi kwa macho yake. Majaji wa rufani husoma zaidi yale yaliyoandikwa. Tena kesi zenye adhabu ya kifo husikilizwa naye. Akimwamini mwongo, maisha ya mtu yamo hatarini.

Lakini elimu peke yake haitoshi. Tumkumbuke Benedicto Kiwanuka. Baada ya vita kuu ya pili alikuwa mkalimani wa Mahakama Kuu, akifasiri maneno ya wengine. Akaenda kusoma Lesotho, kisha London, akawa wakili mwaka 1956. Mwaka 1971 akawa Jaji Mkuu, mwananchi wa kwanza wa Uganda kupata cheo hicho. Mwezi wa Septemba 1972 aliamuru aachiliwe Mwingereza mmoja aliyefungwa na askari bila ya haki. Alijua vema ni serikali ya nani anayoikatalia. Tarehe 21 ya mwezi huo huo alikamatwa ofisini mwake mahakamani, akauawa.

Leo Katiba yakataza mtu yeyote kuwaingilia majaji katika kazi yao. Hata hivyo maandishi hayo yahitaji mtu wa kuyasimamia.

Wenzangu mnaoitamani kazi hii, siku za likizo nendeni mkakae kimya mahakamani, msikilize. Nanyi wanafunzi wa zamani mlio mawakili na mahakimu, tuandikieni katika gazeti hili mtueleze tusiyoyaona vitabuni.