Muuguzi wa Kamuli na Shahada ya Uzamili: Usome Nini, Urudi Kufanya Nini?

Ndugu muuguzi, wengi huanza kwa kuuliza, "Chuo gani?" Wewe anza na swali jingine: ukishahitimu, asubuhi ikukute wapi? Kando ya kitanda cha mgonjwa, mbele ya darasa, au juu ya pikipiki ukifuatilia tetesi za homa kijijini? Uzamili mmoja haufungui milango hiyo yote.

Wodini

Tunaanza hapa kwa sababu wapo wanaodhani kusoma ni njia ya kuikimbia wodi. Mama wa Kamuli, wilayani Kyerwa mkoani Kagera, amejifungua saa nane usiku na damu haikatiki. Mvua imeharibu barabara ya kwenda hospitali ya Isingiro. Mkunga anakanda mfuko wa uzazi, mwenzake anachoma oksitosini, dripu inawekwa, gari linaitwa. Mwenye uzamili wa ukunga na afya ya wanawake, unaofundishwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), angefanya hayo hayo. Tofauti yake huonekana kesho yake: anaketi na wenzake, wanapitia patografu mstari kwa mstari, wanatafuta dakika zilipotelea wapi, kisha zamu inapangwa upya.

MUHAS wana pia uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Huo ni mzuri, ila utakuhamishia Bukoba au hospitali ya Bugando, Mwanza. Zahanati haina ICU.

Nje ya wodi

Njia ambayo wauguzi wa Kagera huisahau, kwa maoni yetu, ni epidemiolojia, yaani kufuatilia milipuko ya magonjwa. Machi 2023 homa ya Marburg ilithibitishwa Bukoba Vijijini: wagonjwa 9, vifo 6. Januari 2025 ikarudi, safari hii Biharamulo. Kila aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa siku 21, mlango kwa mlango, na mlango hufunguliwa upesi zaidi kwa mtu ambaye kijiji kinamwita "sista" kuliko kwa mgeni mwenye fomu. Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda. Kazi hii haitakosekana.

Kufundisha nako kupo. Chuo kikuu humchukua mwenye uzamili kama mhadhiri msaidizi, na vyuo vya kati, kama cha Ndolage kule Muleba, huhitaji wakufunzi waliokwisha kushika mgonjwa. Uongozi, kama wa Muuguzi Mkuu wa Wilaya, ni uteuzi. Shahada husaidia, haikuteui.

Kabla ya kulipa ada

Mbarara nchini Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Murongo, ni karibu mno ukilinganisha na Dar es Salaam, na chuo kikuu chake kinafundisha uzamili wa uuguzi. Lakini shahada ya nje lazima itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU); ulizia mapema. Kisha ada yenyewe: kahawa ikiuzwa vizuri, ada ya mwaka wa kwanza hupatikana. Ya mwaka wa pili ndiyo huleta maneno nyumbani.

Usipige hesabu ya mshahara mpya mapema: cheti peke yake hakikupandishi daraja, mambo ya ikama na bajeti yako kwa mwajiri. Ruhusa ya masomo iombe kwa maandishi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, upate jibu la maandishi, ubaki na nakala. "Nenda tu, tutaona" ya kwenye korido si ruhusa. Na leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga endelea kuihuisha hata ukiwa darasani.