Kemikali Mpya na Mipaka ya Nchi: Nani Huipima Kabla Haijamfikia Mgonjwa?

Mkulima anapofikishwa zahanati akitokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho zikiwa zimesinyaa na kifua kikikoroma, mhudumu wa afya huhangaikia kwanza uhai wake, kisha hutafuta jina la kitu kilichomdhuru. Mara nyingi jina hilo huwa kwenye chupa au pakiti iliyotoka nchi ya mbali. Kabla pakiti hiyo haijafika dukani, mahali fulani watu walikwisha kuulizwa kama kemikali iliyomo iruhusiwe au ikataliwe. Walisoma vipimo vya maabara, wakakadiria matumizi yake, wakatoa jibu. Jibu hilo huvuka mipaka pamoja na bidhaa.

Makala haya yanaeleza jinsi serikali zinavyosaidiana kuzitathmini kemikali mpya, ni kitu gani kinachoweza kuazimwa kutoka nchi nyingine na ni kipi kisichoweza, na kwa nini daftari la zahanati ni sehemu ya kazi hiyo.

Maneno matatu ya kutofautisha

Tathmini ya kemikali hujengwa juu ya mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. La kwanza ni ukali, yaani uwezo wa kemikali yenyewe kudhuru mwili: kuunguza ngozi, kuvuruga mishipa ya fahamu, kuharibu ini, kusababisha saratani au kumdhuru mtoto tumboni. La pili ni mguso, yaani njia na kiasi ambacho kemikali humfikia mtu, iwe kwa pumzi, kwa ngozi au kwa kinywa, na kwa muda gani. La tatu ni hatari, nayo huzaliwa pale ukali na mguso vinapokutana.

Tindikali kali iliyofungwa vizuri katika chombo imara ina ukali mkubwa, lakini hatari yake ni ndogo maadamu chombo hakijafunguliwa. Tindikali hiyo hiyo ikihamishiwa kwenye chupa ya soda na kuwekwa chini ya meza jikoni, ukali haukuongezeka hata chembe, ila hatari imekuwa kubwa kwa kila mtoto wa nyumba hiyo. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa somo zima: ukali haubadiliki kwa kuvuka mpaka, lakini mguso hubadilika.

Kemikali mpya ni ipi?

Katika sheria, neno «mpya» halina maana ya kitu kilichovumbuliwa jana. Kemikali huwa mpya kwa nchi fulani ikiwa haimo katika orodha ya kemikali zinazotambuliwa kuwa tayari zimo katika biashara ya nchi hiyo. Kanada, kwa mfano, ilitunga orodha yake kwa kuangalia kemikali zilizotengenezwa au kuingizwa nchini humo kati ya Januari 1984 na Desemba 1986. Jumuiya ya Ulaya ya wakati ule iliweka mpaka wake Septemba 1981. Kwa hiyo kemikali moja inaweza kuwa kongwe Marekani na ikawa mpya Kanada.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 ya kudhibiti kemikali zenye sumu ilimtaka mtengenezaji au mwagizaji kuitaarifu serikali siku 90 kabla ya kuanza kuitengeneza au kuiingiza kemikali mpya. Hata hivyo, haikumlazimisha kufanya kwanza vipimo vya sumu. Alitakiwa kuwasilisha vile alivyonavyo tu. Ulaya ilifuata njia nyingine: ilidai vipimo kadhaa vya msingi kabla kemikali haijaingia sokoni. Marekebisho ya sheria ya Marekani yaliyopitishwa mwaka 2016 yalikaza masharti, kwani sasa serikali hupaswa kutoa uamuzi wake juu ya kila kemikali mpya kabla haijaanza kutengenezwa.

Kwa nini nchi zisaidiane?

Kila nchi ikirudia vipimo vile vile, wanyama wengi wa maabara hufa bila sababu, fedha hupotea, na wataalamu wachache waliopo hutumia miaka kuthibitisha jambo ambalo jirani amekwisha kulithibitisha. Mwaka 1981 nchi wanachama wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, zilikubaliana kwamba kipimo cha usalama kilichofanywa katika nchi moja kwa kufuata miongozo ya pamoja na kanuni za utendaji bora wa maabara kikubaliwe katika nchi nyingine zote. Baadaye nchi zisizo wanachama wa shirika hilo, zikiwemo Afrika Kusini, India na Brazili, zilijiunga na mpango huo.

Sharti la kanuni za maabara halikuwekwa kwa mapambo. Mwaka 1976 wakaguzi wa Marekani waligundua kwamba maabara ya Industrial Bio-Test, karibu na Chicago, ilikuwa imetoa taarifa za uongo kuhusu majaribio ya dawa na viuatilifu. Mwaka 1983 mahakama iliwatia hatiani watumishi wake watatu wa zamani. Bidhaa nyingi zilikuwa zimekwisha kuruhusiwa kwa kutegemea vipimo vya maabara hiyo, ikabidi vikaguliwe upya. Tangu hapo imekuwa wazi kwamba serikali inapopokea matokeo kutoka ng'ambo hupokea pia uaminifu wa mtu aliyeshika kalamu. Ndiyo maana maabara hukaguliwa, kumbukumbu ghafi huhifadhiwa, na kila kosa huandikwa badala ya kufutwa.

Makubaliano ya mwaka 1981 yanahusu matokeo ya vipimo tu. Hayailazimishi nchi yoyote kukubali uamuzi wa nchi nyingine. Serikali mbili zinaweza kusoma kurasa zile zile na kufikia maamuzi tofauti, na zote zikawa zimefanya kazi yao ipasavyo.

Mifano miwili ya ushirikiano

Kwa kuwa taarifa nyingi za kemikali mpya ziliwafikia bila vipimo, wataalamu wa Marekani walijizoeza kutabiri tabia ya kemikali kwa kuangalia umbo la molekuli yake na kulilinganisha na kemikali zinazofahamika. Swali likawa: utabiri huo unafaa kiasi gani? Ulaya ilikuwa na vipimo halisi, Marekani ilikuwa na mbinu. Pande hizo mbili zikashirikiana. Wamarekani wakatabiri tabia za kemikali ambazo Ulaya ilikuwa na vipimo vyake, kisha majibu yakalinganishwa. Matokeo yalitolewa mwaka 1994. Utabiri kuhusu sumu kwa samaki na kuoza kwa kemikali katika mazingira ulikaribiana vizuri na vipimo. Utabiri wa baadhi ya tabia nyingine, kama vile wepesi wa kugeuka mvuke, ulikuwa dhaifu zaidi. Jambo hilo si dogo kwa daktari, kwa maana wepesi wa kugeuka mvuke ndio unaoamua ni kiasi gani mfanyakazi atakivuta kwa pumzi.

Mfano wa pili ni wa Marekani na Kanada. Kanada ina orodha ya ziada, iliyojengwa juu ya orodha ya Marekani, ya kemikali ambazo hazimo katika biashara ya Kanada lakini zimo katika ile ya jirani yake. Anayetaka kuiingiza Kanada kemikali iliyomo katika orodha hiyo hudaiwa taarifa chache kuliko kemikali isiyojulikana kabisa. Aidha, tangu miaka ya 1990 nchi hizo zimekuwa na utaratibu wa kupeana tathmini za kemikali mpya kwa ridhaa ya kampuni husika. Ridhaa hiyo inahitajika kwa sababu jina kamili na umbo la kemikali huweza kuwa siri ya biashara inayolindwa na sheria. Hapo ndipo ushirikiano hukutana na ukuta wake wa kwanza: mtaalamu wa nchi moja anaweza kuwa na jibu analolihitaji mwenzake wa nchi ya pili, na asiruhusiwe kulitoa.

Kisichoweza kuazimwa

Ukuta wa pili ni mkubwa zaidi, nao hauvunjwi kwa ridhaa ya kampuni. Tathmini iliyofanywa katika nchi tajiri hukadiria mguso wa nchi hiyo: mfanyakazi mwenye glavu na kinyago, lebo iliyoandikwa kwa lugha anayoisoma, chombo kinachorudishwa kiwandani, hali ya hewa inayomruhusu kuvaa nguo nzito za kinga. Makadirio hayo yakisafirishwa hadi shamba la mtu anayechanganya dawa kwa mkono mtupu chini ya jua kali, hesabu ya ukali hubaki kuwa sahihi, lakini hesabu ya hatari huwa imeharibika.

Senegal ilijifunza jambo hilo kwa gharama. Wakulima wa karanga huko walitumia unga wa kukinga mbegu uliochanganya kemikali tatu: benomili, kabofurani na thiramu. Benomili na thiramu ni dawa za kuua kuvu. Kabofurani ni kiuawadudu cha kundi la kabameti, linalozuia kimeng'enya cha kolinestarasi, na hivyo huweza kuleta dalili zilizotajwa mwanzoni mwa makala haya. Wakulima waliougua walichunguzwa, na serikali ya Senegal ikapeleka taarifa ya matukio hayo chini ya Mkataba wa Rotterdam.

Mkataba huo ulipitishwa mwaka 1998 na kuanza kutumika Februari 2004. Tanzania na Kenya ni miongoni mwa wanachama wake. Kifungu cha 6 kinairuhusu nchi inayoendelea kupendekeza kiuatilifu chenye madhara makubwa kiorodheshwe kwa kutegemea yaliyotokea katika mazingira yake yenyewe ya matumizi. Pendekezo hupitiwa na kamati ya wataalamu 31 walioteuliwa na serikali za nchi mbalimbali. Katika mkutano wa kwanza wa wanachama, mwaka 2004, unga wa aina ile wenye kiwango kilichotajwa cha kemikali hizo tatu uliingizwa katika orodha.

Kuorodheshwa si kupigwa marufuku. Maana yake ni kwamba kila nchi mwanachama hutangaza kama inairuhusu bidhaa hiyo iingie au la, na nchi zinazouza nje hupaswa kuuheshimu uamuzi huo. Utaratibu huu una udhaifu wake pia: mkutano huorodhesha kwa mwafaka wa wote, hivyo nchi chache zinaweza kukwamisha. Asbesto aina ya krisotili imekwamishwa hivyo kwa miaka mingi, ingawa kamati ya wataalamu ilikwisha kuipendekeza. Hata hivyo, mfano wa Senegal unaonyesha kwamba ushahidi kutoka shambani, ukiandikwa vizuri, unaweza kufika hadi katika meza ya dunia.

Kazi ya mhudumu wa afya

Mhudumu hana haja ya kuwa mkemia. Mgonjwa akishapatiwa huduma ya dharura, jambo muhimu ni kumbukumbu. Taarifa inayodaiwa na mkataba inafanana sana na maswali ambayo tabibu makini angeuliza: jina la kibiashara la bidhaa na mtengenezaji wake, kemikali tendaji iliyomo na kiwango chake, kama ni unga, maji au chembechembe, ilitumiwa kwa kazi gani na kwa njia gani, mgonjwa alivaa nini, dalili zilianza lini, alitibiwaje, na mwisho wake ulikuwa upi. Neno «sumu» peke yake katika daftari haliwezi kumsaidia yeyote. «Amekunywa dawa ya shamba» nalo halitoshi, kwa kuwa halitofautishi aliyekunywa kwa kukusudia na aliyelowa mgongo kwa sababu bomba la kunyunyizia lilivuja.

Nchini Tanzania kemikali za viwandani na majumbani husimamiwa chini ya sheria ya mwaka 2003 na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Viuatilifu husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na nchini Kenya na Bodi ya Kudhibiti Viuatilifu. Taarifa ya zahanati ipitishwe kwa mganga mkuu wa wilaya ili ifike huko, kwa maana serikali haiwezi kupeleka Rotterdam tukio ambalo halikuandikwa popote.

Mahali pa kazi, mhudumu aombe karatasi ya taarifa za usalama ya kemikali iliyotumika. Chini ya mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali, uliochapishwa na Umoja wa Mataifa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, karatasi hiyo ina sehemu 16. Sehemu ya 4 hueleza huduma ya kwanza, ya 8 vifaa vya kinga, na ya 11 madhara kwa mwili.

Kazi ya mgonjwa na jamaa zake

Atakayemleta mgonjwa aje na pakiti au chupa yenye lebo, akiishika kwa mfuko wa plastiki, hata kama imebaki tupu. Aseme ukweli kuhusu kilichotokea bila kuogopa kulaumiwa, kwa sababu tiba hutegemea ukweli huo. Kemikali isihamishiwe kamwe katika chombo cha chakula au kinywaji. Alama ya pembe nne yenye mpaka mwekundu iliyosimama kwa ncha ni onyo. Fuvu ndani yake lina maana ya sumu kali inayoweza kuua kwa kiasi kidogo.

Vipimo vya ukali vilivyofanywa Ulaya, Marekani au Afrika Kusini vinaweza kutumiwa Morogoro au Meru bila aibu yoyote. Lakini jinsi kemikali inavyowafikia watu wa Morogoro na Meru haiandikwi katika maabara ya ng'ambo. Huandikwa na yule aliyempokea mgonjwa, akamuuliza, na akachukua kalamu kabla pakiti haijatupwa.