SOMO LA MWEZI: VAZI LA ARUSI

Soma: Ufunuo 19:6-9

Ndugu wapendwa, bibi arusi wa hapa Ilembula akitaka gauni huenda Makambako au Njombe. Kununua, kukodi au kushonesha, yote ni halali. Lakini wako wanaoishi pamoja bila ndoa, wakingoja kwanza fedha za gauni. Basi tujifunze haya:

1. Gauni jeupe si amri ya Kanisa. Desturi hii ilienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa kwa vazi jeupe mwaka 1840.

2. Ndoa hufungwa kwa hiari ya wawili na ahadi zao mbele ya Mungu na mashahidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hutaka taarifa siku 21 kabla, gauni haikulitaja.

3. Katika Ufunuo, bibi arusi wa Mwana-Kondoo hupewa kitani safi, maana yake matendo ya haki. Vazi hilo halikodishwi.

Wazazi, msiwazuie watoto kwa ajili ya gauni. Akina mama, mwenye shela amwazime mwenzake.

Swali: Katika mtaa wetu, ni nani anayengoja gauni? Tumsaidieje afike altareni?