Hela za Kikundi na Msimbo Nisiouelewa

SWALI: Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Morogoro. Mama yangu ni mweka hazina wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, na kwa muda mrefu mimi ndiye ninayemsaidia kuandika vitabu. Mwaka jana nilianza kutengeneza programu ya mtandaoni ya kutunza hesabu za vikundi: hisa, mikopo, marejesho, faini, mfuko wa jamii. Sijasomea kompyuta. Naieleza akili mnemba ninachotaka, nayo inaandika msimbo. Vikundi vitatu vinaijaribu, na mwenyekiti wa kimoja anataka waanze kunilipa shilingi 20,000 kwa mwezi na waachane na daftari. Juzi niligundua kwamba mwanachama akibadilisha namba kwenye anwani ya ukurasa, anaona mikopo ya kikundi kingine. Mashine ilirekebisha, lakini siwezi kueleza ilifanya nini. Kaka yangu anasema nitawatia hasara mama za watu, niache, au nimtafute mtaalamu ajenge upya. Sina hela hiyo. Nifanyeje?

JIBU: Usiache. Ila usikubali daftari liwekwe kando, hata mwenyekiti akisisitiza.

Tuanze na dosari iliyokunyima usingizi. Mwaka 2021, OWASP, shirika linaloorodhesha hatari kubwa za usalama wa programu za mtandaoni, liliiweka namba moja dosari ya aina hiyo hiyo. Kwa hiyo waliosoma nao wanaifanya, tena kila siku. Programu yako ilimuuliza mtu "wewe ni nani?" alipoingia, kisha haikumuuliza tena "hiki unachokitaka ni chako?" Swali hilo la pili linatakiwa kuulizwa kwenye seva, kila ombi linapofika, la kusoma, la kubadilisha, la kufuta na la kupakua. Kuficha kitufe kwenye skrini hakusaidii kitu. Fungua vivinjari viwili, kimoja kama mwanachama wa kikundi hiki, kingine kama mwanachama wa kikundi kile, upite ukurasa baada ya ukurasa ukijaribu kuiba. Rudia kila unapobadilisha kitu, kwa sababu msaidizi wako wa akili mnemba akitumwa kurekebisha mlango anaweza kugusa na dirisha, wala asikuambie.

Sasa niseme jambo ambalo wewe na kaka yako hamkuliona. Unajiona huna ujuzi kwa sababu hujui msimbo. Lakini umeandika vitabu vya VICOBA kwa mkono. Unajua hisa inavyonunuliwa kwenye mkutano, unajua faini inakwenda wapi, unajua mkopo uliochelewa unahesabiwaje. Yaani unalijua jibu sahihi kabla mashine haijajibu, na wenye ujuzi wa msimbo pekee hawana hilo. Litumie. Ukiiambia akili mnemba ijitungie majaribio ya kupima msimbo wake, mara nyingi yatafaulu, maana aliyekosea kuelewa ndiye huyo huyo anayesahihisha. Chukua daftari la mzunguko uliopita, mzunguko mzima, mkutano kwa mkutano. Ingiza kila muamala kwenye programu, ukibadilisha majina. Mwishoni hesabu zilingane na za daftari hadi shilingi ya mwisho. Zisipolingana, usimwachie msaidizi afanye utafiti peke yake. Tafuta kwanza wewe ni mkutano gani zilipoachana.

Kaa sana kwenye mgawo wa mwisho wa mzunguko. Hapo ndipo vikundi hugombana hata bila kompyuta. Tuseme kuna shilingi 1,000,000 za kugawa kwa hisa 700. Kila hisa ni shilingi 1,428 na kitu. Ukilipa 1,428, zinabaki shilingi 400 ambazo hazina mwenyewe. Programu ikikadiria kwenda juu, 1,429, utahitaji 1,000,300, na hizo 300 hazimo sandukuni. Uamuzi wa masalio ni wa kikundi, unaandikwa kwenye katiba yao, halafu ndipo unaandikwa kwenye msimbo. Tena hakikisha fedha zinatunzwa kama namba nzima za shilingi. Kwa namna kompyuta zinavyotunza desimali, lugha nyingi za programu zikijumlisha 0.1 na 0.2 hutoa 0.30000000000000004, na vipunje hivyo vikirundikana mwaka mzima, mama yako ndiye atakayeulizwa mkutanoni.

Hukusema kama unapokea malipo ya simu. Kama ndiyo, kila muamala utambulike kwa namba yake, taarifa ile ile ikija mara mbili isihesabiwe mara mbili. Na usiamini kwamba fedha imeingia kwa kuwa tu ujumbe umefika kwenye programu yako. Thibitisha kwa kampuni ya simu kwanza.

Unalifahamu sanduku la kikundi na makufuli yake matatu, kila ufunguo na mtu wake. Katika programu yako, funguo zote tatu umempa msaidizi mmoja. Julai 2025, mwekezaji wa Marekani Jason Lemkin alikuwa akijenga programu kwa msaidizi wa akili mnemba wa kampuni ya Replit. Msaidizi huyo alifuta kanzidata iliyokuwa ikitumika, ingawa alikuwa ameagizwa asibadilishe chochote. Mkuu wa kampuni aliomba radhi, na data zilipatikana. Wewe usitegemee bahati hiyo. Kanzidata ya wanachama halisi msaidizi asiifikie kabisa. Afanyie kazi nakala yenye watu wa kubuni. Nywila za ile halisi ziwe kwako. Nakala ya akiba itoke kila siku, na mara moja moja ujaribu kuirudisha, maana nakala ambayo haijawahi kurudishwa huwezi kuihesabu. Mabadiliko yote, madogo madogo, yahifadhiwe kwenye Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, ili uweze kurudi nyuma.

Majina, namba za simu na madeni ya kinamama hao usiyabandike kwenye mazungumzo yako na mashine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na wanaokusanya au kuchakata taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwenye Tume inayosimamia sheria hiyo. Nenda uulize kabla hujatoza hata shilingi moja.

Kuhusu mtaalamu, kaka yako yuko sahihi nusu. Huhitaji wa kujenga upya. Mtafute wa kumlipa kwa kazi ya siku chache tu: asome sehemu zinazogusa fedha na zinazoamua nani anaona nini. Kabla hajaja, kila jioni chukua faili moja la sehemu hizo, mwombe msaidizi akueleze mstari kwa mstari, halafu funga uandike kwa maneno yako kinachotokea mama mmoja anaponunua hisa tatu. Usipoweza kuandika, mwambie aandike upya kwa namna rahisi zaidi. Vipengele vipya visubiri.

Mwenyekiti mjibu hivi: programu na daftari vitaenda pamoja hadi mgawo ujao, katibu akilinganisha mwisho wa kila mkutano mbele ya wanachama, na shilingi 20,000 zitaanza kulipwa baada ya mgawo huo, kama hesabu zimekubaliana.