Samaki Asiyejua Mpaka wa Wilaya

Katika Ziwa Nyasa yumo samaki aitwaye mbasa. Majira ya mvua huyaacha maji makuu akapanda mitoni kutaga juu ya changarawe safi. Tope likiifunika changarawe, mayai hufa. Nyavu zikiziba mlango wa mto, wazazi hawafiki.

Sheria zipo. Ile ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 yaipa halmashauri ya wilaya uwezo wa kutunga sheria ndogo. Ile ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Lakini mito ya Kiwira na Mbaka haianzii Kyela. Yateremka kutoka Rungwe. Kyela ikilinda pwani, na mashamba ya juu yakamwaga udongo mtoni, kazi yote ni bure. Hapana budi halmashauri hizo zikae pamoja, zikiwaita wakulima na wavuvi, wapatane juu ya miti ya kingoni na majira ya kuuacha mlango wa mto wazi. Mvuvi asingoje kutozwa faini tu. Aulizwe kwanza, maana yeye ndiye ajuaye siku mbasa apandapo.