Nguo za Maduka ya Kiwanda Huko Ng'ambo

Wengi waliosoma katika shule hii husafiri ng'ambo, wengine kwa masomo ya juu, wengine kwa mikutano na kazi za serikali. Arudipo mmoja wao huulizwa mambo mengi, na mojawapo ni hili: yawezekanaje koti lenye jina la fundi mashuhuri wa Italia liwe limenunuliwa kwa nusu ya bei yake? Mara nyingi jibu ni kwamba lilinunuliwa katika maduka yaitwayo maduka ya kiwanda. Yafaa tuyajue maduka hayo, maana mwanafunzi aendaye na fedha kidogo za matumizi aweza kuzimaliza pale katika siku moja, kisha akarudi na sanduku la vitu visivyo na thamani aliyodhani.

Asili yake ni Marekani. Viwanda vya nguo na viatu vilikuwa vikiwauzia wafanyakazi wao vitu vyenye dosari: soksi iliyoruka uzi, shati lenye doa la mafuta ya mashine, viatu viwili vya rangi zisizolingana sawasawa. Baadaye watu wa mjini nao wakaruhusiwa kuja kununua. Karibu na mji wa Reading, katika jimbo la Pennsylvania, kilikuwako kiwanda kikubwa mno cha soksi za wanawake kilichoitwa Berkshire Knitting Mills. Katika miaka ya 1970 majumba yake yaligeuzwa kuwa maduka ya namna hii, na watu wakaja kwa mabasi kutoka miji ya mbali. Huko Ujerumani hali ilikuwa karibu hiyo hiyo katika mji mdogo wa Metzingen, ambako Hugo Boss alianzisha karakana yake ya kushona mwaka 1924. Kwanza kiliuzwa kilichosalia kiwandani, kisha makampuni mengine yakaja yakafungua maduka kando yake.

Hatimaye vikajengwa vijiji vizima vya maduka, pasipo kiwanda chochote. Woodbury Common, kaskazini ya New York, kilifunguliwa mwaka 1985. Bicester Village, katika wilaya ya Oxfordshire nchini Uingereza, mwaka 1995. Serravalle, kati ya Milan na Genoa, mwaka 2000. Na The Mall, katika kijiji cha Leccio karibu na Florence, mwaka 2001. Kwa hiyo neno "kiwanda" limebaki kama jina la ukoo tu. Bicester kimekuwa maarufu hata kituo cha treni kilichofunguliwa mwaka 2015 kikapewa jina la maduka, na matangazo kituoni hutolewa pia kwa Kichina na Kiarabu. Ukitoka stesheni ya Marylebone, London, hufika kwa muda usiotimia saa moja.

Mtu aweza kuuliza kwa nini maduka hayo huwekwa mbali na miji mikubwa. Sababu ni biashara. Kampuni iuzayo koti kwa pauni 900 katikati ya London haipendi mteja wake aone koti hilo hilo likiuzwa pauni 500 upande wa pili wa barabara. Lakini pia haipendi nguo zilizosalia zibaki ghalani. Zamani baadhi ya makampuni yalizichoma. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba Burberry iliharibu bidhaa za thamani ya pauni milioni 28.6 katika mwaka mmoja, watu wakakasirika sana, na mwaka huo huo kampuni ikatangaza kuiacha desturi hiyo. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya nao ukapitisha sheria ya kuyazuia makampuni makubwa kuharibu nguo zisizouzwa. Basi duka la mashambani ni njia ya tatu: nguo huuzwa, na heshima ya duka la mjini haipungui.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe hasa. Nguo uzionazo katika maduka hayo si za namna moja. Ziko zilizosalia kweli, yaani zilitundikwa katika duka kubwa la mjini msimu uliopita zikakosa mnunuzi. Ziko chache zenye dosari. Na ziko nyingine, ambazo katika maduka mengi ya Marekani ni nyingi sana, zilizoshonwa makusudi kwa ajili ya maduka ya bei pungufu. Hizi hazikupata kuuzwa mjini hata siku moja. Kitambaa chake huweza kuwa chepesi zaidi, bitana ikakosekana, vifungo vikawa vya plastiki badala ya pembe. Si wizi kushona nguo ya bei ndogo. Ubaya huanza pale ambapo kibandiko kinaonyesha "bei ya zamani" ambayo haikuwako. Mwezi wa Januari 2014 wabunge wanne wa Marekani waliiandikia tume ya biashara ya nchi yao wakiitaka ichunguze habari hiyo. Mwaka 2015 kampuni ya Michael Kors ilikubali kulipa dola 4,875,000 ili kumaliza kesi ya wateja waliolalamikia bei za namna hiyo, bila kukiri kosa.

Utazitambuaje? Baadhi ya makampuni huweka alama ndogo, kama nukta au miraba, chini ya jina lao katika kibandiko cha shingoni. Tena tazama rafu: nguo ya masalio ya kweli huwa moja au mbili, za kipimo kikubwa mno au kidogo mno, au za rangi ambayo watu waliikimbia. Ukiona shati moja limepangwa katika vipimo vyote na rangi sita, fahamu kwamba hilo halikusalia mahali popote. Na njia iliyo bora ni kumwuliza mwuzaji waziwazi: je, nguo hii iliuzwa mjini? Wengi hujibu kweli. Kisha igeuze nguo ndani nje. Angalia kama mistari ya kitambaa inakutana kwenye mshono wa bega na wa mfuko, kama pindo lina kitambaa cha kutosha kufumuliwa na kushonwa upya, na kama kibandiko cha ndani kinasema sufu au kinasema nyuzi za viwandani. Fundi yeyote wa cherehani wa mtaani kwetu hufanya uchunguzi huo kwa dakika moja. Ni ajabu kwamba msomi huusahau mara aonapo jina kubwa.

Hesabu pia hudanganya watu. Tuseme koti lina bei ya pauni 200, limepunguzwa 30 kwa 100, na mlangoni pameandikwa kwamba leo utapunguziwa tena 20 kwa 100. Wengi hujumlisha wakapata 50. Sivyo. Punguzo la kwanza linaleta 140, 20 kwa 100 ya 140 ni 28, utalipa 112. Punguzo lote ni 44 kwa 100.

Iko hesabu nyingine ya kodi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mgeni aweza kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani kwa vitu anavyovichukua kwao. Italia kodi hiyo ni 22 kwa 100. Mtu anunuaye mkoba wa euro 300 hudhani atarudishiwa euro 66. Lakini kodi imo tayari ndani ya bei, kwa hiyo hugawanya 300 kwa 1.22, akapata 245.90, kodi ni euro 54.10 tu, na ofisi ishughulikiayo marudisho hukata ujira wake humo. Shartiye ni kuwa na pasipoti dukani, kutunza stakabadhi, na kuwaonyesha maofisa wa forodha vitu vikiwa havijatumiwa. Arejeaye Entebbe kwa njia ya Brussels, akiwa amebeba vitu mkononi, hugongewa idhini Brussels, kiwanja cha mwisho cha Umoja, si kule Italia alikoanzia.

Hapa wanafunzi waangalie sana. Haki hiyo ni ya mtu akaaye nje ya Umoja wa Ulaya. Aliye na kibali cha kukaa miaka mitatu chuoni huhesabiwa mkaaji, hata akiwa na pasipoti ya kwao. Na huko Uingereza desturi hiyo ilikwisha tarehe 1 Januari 2021 kwa England, Scotland na Wales. Wakubwa wetu waliosoma huko kabla ya hapo huwaambia vijana, "Fedha zako utazipokea Heathrow." Hazipokelewi tena.

Kuhusu vibanda vya barabarani karibu na maduka hayo, sitasema mengi: mikoba ya bandia huuzwa humo, na nchini Italia mnunuzi naye hutozwa faini.

Jambo jingine ni hali ya hewa. Kilicho kingi katika rafu za bei ndogo ni mabaki ya majira ya baridi: makoti mazito ya sufu, viatu vyenye manyoya ndani. Ni nafuu kwa aendaye Edinburgh kwa miaka miwili. Kwa anayerudi nyumbani mwezi ujao, koti la kilo 3 katika sanduku lililoruhusiwa kilo 23 ni gharama, na Kampala litaning'inia kabatini.

Mwisho ni vipimo, maana zawadi nyingi huharibika hapo. Gauni la mwanamke lililoandikwa 10 Uingereza ni 6 Marekani, 38 Ufaransa, 42 Italia. Suti ya mwanamume ya 40 Uingereza ni 50 katika Ulaya bara. Ongeza 10 tu. Viatu vya kiume vya 8 Uingereza ni karibu 42 bara, na 9 Marekani, lakini kila mtengenezaji ana kalibu yake. Kwa hiyo, kabla hujasafiri, msimamishe ndugu yako juu ya karatasi ngumu, chora wayo wake kwa kalamu ya risasi, ukate ule mchoro uende nao. Dukani utie ndani ya kiatu. Ukijikunja mbele, omba kikubwa zaidi.